CHAKULA KILICHOLALA: NANI ATAKILA?

Bismillahi Rahmani Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), pamoja na jamaa zake na masahaba zake wote. Amma baad.



Mada yetu ya ijumaa hii imetoka jikoni. Akina mama wameuliza, na swali lao ni la haki. Mume anasukuma sahani kwa sababu wali ni wa jana. Jirani anacheka kwa kuwa katika nyumba fulani nyama ya Idi inaliwa hata siku ya pili na ya tatu, imefichwa ndani ya sambusa. Wengine wanasema kwamba mwanamke anayetunza mabaki ni bahili na anaishushia nyumba yake heshima. Basi wanauliza: kutunza chakula kilicholala ni wema, ni umaskini, au ni choyo?

Jibu letu kwa ufupi ni hili. Kutunza ni wema, lakini wema huo haupimwi ndani ya chungu. Unapimwa kwenye sinia, pale tunapoona ni nani aliyeitwa kukila kile kilicholala, na ni nani aliyewekewa kilichopikwa leo. Tulifafanue jambo hili hatua kwa hatua.

1. KUTUPA CHAKULA SI UKUBWA

Mwenyezi Mungu katika Sura ya Al-Aaraf, aya ya 31, anatuamrisha kula na kunywa, na papo hapo anatukataza kupita kiasi. Katika Sura ya Al-Israa, aya ya 26 na 27, wafujaji wamehesabiwa kuwa ni ndugu wa mashetani. Angalieni neno hilo, ndugu zangu. Mfujaji hakuitwa mjinga wala mzembe, ameitwa ndugu wa shetani, maana shetani naye alipewa neema akaikufuru.

Mtume (S.A.W.), kama alivyopokea Muslim kutoka kwa Jabir, alifundisha kwamba tonge likianguka liokotwe, liondolewe uchafu na liliwe, lisiachiwe shetani. Alifundisha pia kuramba vidole na kusafisha sahani, kwa sababu hatujui baraka iko katika sehemu ipi ya chakula. Huenda iko katika lile tonge la mwisho ambalo sisi tunaliacha ili wageni waone kwamba tumeshiba.

Na mabaki ya jana hayakuwa aibu katika nyumba ile tukufu. Mama Aisha (R.A.) alisimulia, kama ilivyo katika Sahihi ya Bukhari, kwamba walikuwa wakiweka miguu ya kondoo na kuila baada ya siku kumi na tano. Chakula kilichosifiwa sana kwa Waarabu, tharidi, si kitu kingine ila mkate uliomegwa vipande na kulowekwa katika mchuzi wa nyama. Siku moja Mtume aliomba kitoweo, akaambiwa hakuna ila siki. Akaiomba hiyo siki, akala nayo na kuisifu. Imepokewa pia kwamba hakukitia chakula ila hata mara moja: akikipenda alikila, asipokipenda alikiacha kimya.

Basi wewe baba unayesukuma sahani na kuuliza kwa sauti, mbele ya watoto, kwa nini unapewa cha jana, jiulize umeupata wapi huo ukubwa. Kama tumbo halitaki, acha kimya kama alivyoacha yeye. Lakini kumtukana aliyepika si sunna ya mtu yeyote tunayemfuata.

Ripoti ya shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira (UNEP), iliyotoka mwaka 2024, ilihesabu kwamba katika mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, na kwamba sehemu 60 kwa mia ya hizo zilitoka majumbani mwa watu, wala si mahotelini wala madukani. Na hapa kwetu Congo, hesabu za mwisho wa mwaka 2024 zilionyesha watu zaidi ya milioni 25 wenye njaa kali. Hesabu hizo mbili zikae pamoja moyoni mwa kila anayemwaga chungu nyuma ya nyumba.

2. KAZI YA MIKONO INAKIRUDISHIA CHAKULA HESHIMA YAKE

Ndugu zangu, kuna tofauti kubwa kati ya kumtupia mtu mabaki na kumpikia mtu kutokana na mabaki. Tofauti hiyo ni kazi. Mama anayechukua kilichobaki, akakichambua, akakikata upya, akakitia kitunguu na chumvi, huyo hatoi mabaki tena. Anatoa chakula.

Tuchukue mfano wa sambusa. Jina hilo limetoka mbali, katika lugha ya Waajemi, likasafiri hadi India, Arabuni na pwani ya Afrika, na leo liko midomoni mwa watoto wetu wa Bukavu na Kindu. Nyama iliyobaki jana haiwezi kutosha watu wanane; ukiigawa vipande, watagombana. Lakini ikatekatwe ndogo kabisa, ikaangwe na vitunguu vingi, pilipili kidogo na viazi viwili vilivyochemshwa na kupondwa. Kisha nusu kilo ya unga wa ngano ikandwe na maji, chumvi na mafuta kidogo, isukumwe chapati nyembamba, zipitishwe juu ya moto kidogo, zikatwe na kukunjwa pembe tatu, na mdomo ufungwe kwa uji mzito wa unga. Hapo utapata sambusa ishirini hivi, na kila mtoto ataonja nyama. Nyama haikuongezeka hata gramu moja. Kilichoongezeka ni akili na uvumilivu wa mama.

Asiyetaka kumaliza mafuta kwa kukaanga anaweza kufanya pai ya sufuria. Maharagwe ya jana yapondwe na kitunguu, au samaki aliyebaki achambuliwe miiba. Unga ukandwe, nusu utandazwe chini ya sufuria iliyopakwa mafuta, vitu vitiwe katikati, nusu ya pili ifunike juu, na kingo zibanwe kwa vidole. Sufuria iwekwe juu ya mbabula yenye moto mdogo, na makala mengine yawekwe juu ya kifuniko. Mkate utaiva juu na chini, na ukikatwa kama keki utashibisha nyumba nzima kwa chai.

Nasi watu wa Maniema ni watu wa mchele. Mpunga uliletwa Kasongo na Nyangwe katika karne ya 19 na misafara ya Waungwana waliotoka pwani, na tangu hapo wali hauondoki katika sinia zetu. Wali uliobaki, kama umetunzwa vizuri, hupondwa na yai moja na kitunguu, ukafanywa vidonge na kukaangwa. Ukoko wa chini ya sufuria, ambao watoto huupigania, wengine huukausha juani kisha wakaukaanga. Bugali iliyolala hukatwa vipande na kuchomwa juu ya makala, ikaliwa asubuhi na chai. Na sombe, kila mtu anajua, siku ya pili ikitiwa mawese na makayabo kidogo inakuwa tamu kuliko siku ile ilipopondwa. Mifupa nayo huchemshwa tena kwa ajili ya mchuzi. Mtume (S.A.W.) alimuusia Abu Dharr kwamba akipika mchuzi azidishe maji na awaangalie majirani. Ndiyo kusema, sufuria ya Muislamu inapikwa kwa kuhesabu hata wale wasiokaa ndani ya nyumba.

Kwa hiyo, mwanamke anayefanya kazi hii asiitwe bahili. Bahili ni yule anayezuia. Huyu anaongeza. Akiwa na nia njema, sisi tunatumaini kwamba kila dakika anayoikaa mbele ya moshi wa mbabula inaandikwa katika mizani yake.

3. MWAKA WA WAGENI WENYE NJAA

Sasa tufike kwenye moyo wa mada yetu. Kuna habari moja katika Sahihi ya Muslim, kutoka kwa Mama Aisha (R.A.), ambayo kila anayesifu utunzaji anapaswa kuijua.

Mwaka mmoja, wakati wa Idi ya kuchinja, walifika Madina watu wa jangwani, wanyonge, wenye njaa. Mtume (S.A.W.) akaamrisha watu wasiweke nyama ya kuchinja zaidi ya siku tatu, na kinachobaki wakitoe sadaka. Mwaka uliofuata watu walikuwa bado wanaogopa. Wakamwambia kwamba zamani walikuwa wakinufaika na wanyama wao wa kuchinja: ngozi walifanya viriba vya maji, na mafuta waliyayeyusha na kuyaweka. Akawauliza kuna nini sasa. Wakasema kwamba aliwakataza nyama isizidi siku tatu. Akawafahamisha kwamba aliwakataza kwa ajili ya wale wageni waliokuwa wamefika. Na sasa wale, waweke akiba, na watoe sadaka.

Tazameni hekima hii, ndugu zangu. Nyama ilikuwa ile ile, chumvi ile ile, jua la kukaushia lile lile. Mwaka mmoja kuiweka kulikatazwa, na mwaka wa pili kukaruhusiwa. Kilichobadilika ni nani alikuwa mlangoni. Akiba iliyokuwa busara katika mwaka wa kawaida iligeuka kuwa kosa katika mwaka wa wageni wenye njaa.

Kwa hiyo, anayeuliza kama kutunza mabaki ni wema au ni choyo, asitazame chungu peke yake. Afungue mlango kwanza, aangalie nje, kisha ndipo arudi kukifunika chungu chake.

Na sisi tuko mwaka gani? Kila mmoja anajua. Goma iliangukia vitani mwezi wa januari 2025 na Bukavu mwezi wa februari, na kabla ya hapo vijiji vingi vilikuwa vimeshakimbiwa. Nyumba nyingi za Congo zina watu ambao hawakuzaliwa ndani yake: mtoto wa shangazi, mjane wa kaka, watoto wa jirani wa zamani waliofika na mfuko mmoja. Tumewapokea, na Mungu awalipe kheri waliowapokea. Lakini kuwapokea ni mlango tu. Baada ya mlango kuna sinia.

4. SINIA MBILI KATIKA NYUMBA MOJA

Ndugu zangu, hapa tuseme wazi, kwa sababu ugonjwa usiotajwa hautibiwi.

Kuna nyumba ambamo chakula cha leo ni cha watoto wa nyumba, na cha jana ni cha yatima. Kitoweo cha leo ni cha baba, na masalio ya sufuria ni ya kijana anayechota maji. Mama atakuambia kwa kiburi kwamba nyumbani kwake hakitupwi kitu hata kimoja. Ni kweli, hakitupwi. Lakini angalia ni nani anayefanywa mahali pa kutupia. Yule mtoto wa marehemu amegeuzwa kuwa shimo la taka la nyumba ile, na watu wanaita jambo hilo utunzaji.

Mwenyezi Mungu katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 267, anatukataza kukusudia kile kibaya ili tukitoe, hali sisi wenyewe tusingekipokea isipokuwa kwa kufumba macho. Hicho ndicho kipimo, nacho ni rahisi kuliko vipimo vyote: je, ungepewa wewe, ungekipokea macho wazi?

Na kuhusu wanaotutumikia, Abu Dharr (R.A.) alifundishwa na Mtume, kama ilivyo kwa Bukhari, kwamba hao ni ndugu zetu ambao Mungu amewaweka chini ya mikono yetu, na kwamba aliye na ndugu kama huyo amlishe katika kile anachokula mwenyewe. Hakuambiwa amlishe katika kile alichokiacha. Pia imepokewa kwamba mtumishi akileta chakula alichokipika, akalishwe pamoja na bwana wake, na kama haiwezekani basi apewe angalau tonge moja au mawili ya chakula hicho hicho, kwa sababu ndiye aliyevumilia joto lake na taabu yake.

Kwa hiyo sheria tunayoinasihi katika kila nyumba ni hii: kilicholala kinaliwa na wote, au hakiliwi na yeyote. Kama leo ni siku ya sambusa za nyama ya jana, basi baba ale sambusa, mama ale sambusa, mtoto wa kuzaa na mtoto wa kulea wale sambusa zile zile kutoka sinia moja. Hapo chakula kile kina baraka, na hakuna moyo uliovunjika. Na siku ya kuku, vivyo hivyo.

Mtoto hasahau. Hatakumbuka nguo aliyopewa, wala ada ya shule iliyolipwa. Atakumbuka kwamba wenzake walipokuwa wanakula wali wenye moshi, yeye alipewa ule uliokauka. Na siku ya Kiyama mtoto huyo atakuwa na mdomo wa kusema.

5. SWALI LA MWENYE KUPINGA

Atasema mtu: Imamu, kwani si afadhali mwenye njaa apewe cha jana kuliko kukosa kabisa? Je, unataka tuwafukuze mpaka tupate nyama mpya?

Hapana, ndugu yangu. Ukiwa na cha jana peke yake, toa cha jana, na thawabu yako ni kamili. Mgeni wa Mtume (S.A.W.) alichukuliwa na Answari mmoja ambaye nyumbani kwake hapakuwa na kitu ila chakula cha watoto. Wakawalaza watoto, wakazima taa, na mgeni akala huku wao wakijifanya wanakula. Habari hiyo iko katika Bukhari. Chakula kile kilikuwa kidogo sana, lakini mtoaji alikuwa amejinyima nafsi yake. Basi ubaya hauko katika uzee wa chakula wala uchache wake. Ubaya uko katika kuchagua: wewe una vyakula viwili, unajiwekea kilicho bora, unampa mwenzako kilicho dhaifu, kisha unataka akushukuru na Mungu akulipe.

Mwingine atasema: mimi baba ndiye ninayetafuta franka, nina haki ya chakula kipya. Tunamjibu: haki yako haikataliwi. Lakini tazama pia mahali ambapo fujo kubwa inafanyika. Mara nyingi haifanyiki jikoni. Inafanyika katika arusi zetu, katika karamu na matanga, pale ambapo wanaume wamekaa kupanga. Mbuzi wanachinjwa kupita idadi ya watu, pilau inapakuliwa milima milima, na jioni mbwa wanashiba. Kisha bwana yule yule anarudi nyumbani kumhubiria mke wake juu ya kijiko cha mafuta. Anayetaka utunzaji auanze kwenye karamu yake. Awaweke vijana wawili wenye vyombo safi, wakusanye kile ambacho hakijaguswa na mikono, wakipeleke kingali moto kwa wagonjwa na wajane wa mtaa, siku hiyo hiyo. Chakula cha watu wawili chatosha watu watatu, ndivyo tulivyofundishwa. Sembuse pilau ya watu mia mbili.

6. UNGA UNAFUNIKA, LAKINI MUNGU ANAONA

Jambo la mwisho ni la amana. Sambusa na pai zina sifa moja ambayo ni neema na pia ni hatari: zinafunika. Mlaji haoni kilicho ndani mpaka ameuma.

Mtume (S.A.W.) alipita sokoni kwenye rundo la nafaka, akaingiza mkono wake ndani, vidole vikakuta unyevu. Mwenye mali akasema imenyeshewa na mvua. Akamuuliza kwa nini asiiweke ile yenye maji juu ili watu waione, na akabainisha kwamba mdanganyifu si katika sisi. Habari hii ni ya Muslim, kutoka kwa Abu Hurayra. Sambusa yenye nyama iliyooza ni rundo lile lile, isipokuwa mvua imefichwa kwa unga na pilipili. Mama anayeuza mbele ya shule au sokoni, akiuza kutokana na kilicholala, ajue kwamba pilipili nyingi si toba.

Na nyumbani vilevile, kutunza kusigeuke kuwa kuumizana. Imepokewa kutoka kwa Abu Thalaba kwamba mwindaji aliyemkuta mnyama wake baada ya siku tatu aliruhusiwa kumla maadamu hajanuka. Kwa hiyo kunuka ni mpaka. Lakini leo tunajua pia kwamba kuna sumu isiyonuka. Wali ulioachwa masaa mengi kwenye joto hutoa vijidudu ambavyo sumu yake haiondoki hata ukiuchemsha tena. Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, linashauri chakula kilichopikwa kisiachwe kwenye joto la kawaida zaidi ya masaa mawili, na kinapopashwa kipate moto sana hadi katikati. Wengi wetu hatuna firigo, na wenye firigo hawana umeme wa kutegemea. Basi tupike kwa kipimo. Wali upikwe kidogo, uliwe, uishe. Nyama, maharagwe na sombe ya usiku ichemshwe kabla ya kulala, ifunikwe vizuri, na ichemshwe tena asubuhi na mapema. Samaki wa kutunzwa atiwe chumvi au akaushwe siku ile ile. Na ukiwa na shaka, usimpe mtoto wala mgonjwa. Kuacha chenye shaka si ufujaji. Kumlaza mtoto hospitalini kwa ajili ya kuokoa bakuli moja, huo ndio ufujaji.

7. MAMBO YA KUSHIKA

Ndugu zangu, tukirudi nyumbani leo tushike haya:

Kwanza, tupime kabla ya kupika. Utunzaji bora unaanza kwenye kikombe cha mchele, kabla maji hayajachemka.

Pili, kilichobaki kitengwe mapema kikiwa safi, kabla hakijachanganyika na mikono ya walaji, ili kesho kiwe chakula na si makombo.

Tatu, tuwasifu wanaopika. Neno moja la shukrani kwa mama aliyegeuza kidogo kuwa kingi lina uzito kuliko franka nyingi.

Nne, mgeni wa vita, yatima na mtumishi wale tunachokula sisi, katika sinia ile ile, siku ya jana na siku ya leo.

Tano, anayeuza auze kile ambacho yeye mwenyewe angekila mbele ya mnunuzi bila kufumba macho.

Basi kwa wale mama waliouliza, jibu lenu ni hili. Msione haya kwa sambusa za nyama ya jana. Zipikeni vizuri, ziwe za moto, ziwekeni katikati, na muite kila aliye chini ya paa lenu. Mume akiuliza kwa nini anapewa cha jana, mwonyesheni wale wanaokula pamoja naye. Kama wote wanakula hicho hicho, hana la kusema mbele ya Mungu wala mbele ya watu.

Ewe Mola wetu, tubarikie katika ulichoturuzuku, kichache na kingi. Utuepushe na fujo na utuepushe na choyo. Uwarudishe makwao kwa amani waliokimbia makwao, na mpaka siku hiyo uyapanue masinia yetu. Uwarehemu wazazi wetu waliotulisha kwa tabu. Na utujaalie tusiwe wenye kushiba kwa kuvunja moyo wa mnyonge.

Amin. Wabillahi tawfiq, wasalaam alaykum wa rahmatullahi wa barakatuh.